Sauti Iliyosema Usifungue

Jamani, hili nalisimulia mara moja tu, na atakayelicheka mbele ya mke wangu asije kuniomba bafle za harusi yake. Mimi kazi yangu ni kukodisha vyombo vya sauti hapa Uvira, mikro za kusemea, bafle za kutolea sauti na nyaya zake, na katika kazi hii aibu ni sehemu ya mshahara (siku mikro itakapokufa mkononi mwa mchungaji katikati ya maombi ndipo mtanielewa). Lakini aibu niliyoipata kwenye kilio cha Kashindi haina ndugu, maana niliaibika mbele ya mtaa mzima wa Songo nikiwa nimejifungia jikoni, bila mtu hata mmoja kuniona, na watu walipokimbia hawakunikimbia mimi, walimkimbia marehemu.

Kwanza mjue ugonjwa wangu. Siwezi kutazama seri, hizi tamthilia za kwenye simu, nikanyamaza. Wengine wanatazama kwa macho, mimi natazama kwa mdomo: naonya, nashauri, nagombana na watu wasionisikia, na mke wangu Mama Aline husema kutazama pamoja nami ni kutazama seri mbili kwa wakati mmoja, na ya pili haina kichwa wala miguu. Na seri iliyonimaliza ni ile ya dunia ya maji. Huko dunia nzima ni maji, hakuna hata kisiwa, watu wanaishi ndani ya kituo cha chuma kilichosimama juu ya miguu mirefu, na wanaume wanashuka chini kabisa kuchimba jiwe fulani la kuwashia taa (sisi Wakongo tukisikia jiwe la kuwashia taa tunajua tayari hadithi itaishia wapi). Wengine wanashuka na hawapandi tena. Halafu, watu wakishamaliza kulia, wanarudi. Wanagonga mlango wa chuma, sura ile ile, nguo zile zile, wanataja majina yao kwa upole, na kapiteni wa kituo, mwanamke mmoja mwembamba mwenye macho makubwa, kila mara anafungua.

Mara ya kwanza alipofungua nilisema, sawa, hajui. Mara ya pili nilisema, ni huruma, yule alikuwa mdogo wake. Baadaye nilikuwa napiga godoro ngumi nikimwambia, weye mama, huyu ulimwona anazama kwa macho yako, sasa unafungua juu ya nini? Lakini nilikuwa nampenda, mtanisamehe, na nilipokuwa peke yangu nilikuwa namwita malkia wangu. Kilichonitisha hakikuwa damu, damu haikuwemo. Ni ule upole wao. Walikuwa wanaingia, wanakaa kwenye viti vyao vya zamani, wanaomba blanketi kwa sababu ya baridi, na kesho yake mtu mmoja wa kweli hayupo tena.

Sasa njooni kwa Kashindi. Kashindi alikuwa jirani yetu, mfanyabiashara wa mihogo na mafuta, na mtumbwi uliombeba na mizigo yake ulipinduka ziwani siku ya upepo. Wenzake walipatikana. Yeye hakupatikana. Mke wake, Mama Riziki, alikwenda ufukweni kila asubuhi hadi wakubwa wa ukoo wakasema inatosha, wakazika mgomba uliovikwa shuka, kama inavyofanywa kwa mtu ambaye ziwa limekataa kumtoa. Nilikuwepo siku ile ya mazishi na bafle zangu. Kuimbia mgomba nyimbo za maziko, jamani, kunakausha mate.

Ikafika siku ya kumaliza kilio. Ukoo wao ni watu wa Rurambo, huko juu kwenye ng'ombe, na wana desturi yao ya siku hiyo: mrithi anavaa koti la marehemu, anashika fimbo yake, anasimama nje ya lango. Shangazi mkubwa anauliza ni nani, naye anajibu kwa jina la marehemu, si jina lake. Halafu mjane mwenyewe anafungua. Lakini kabla lango halijafunguka, sauti yoyote ikikataa, basi, koti linavuliwa na kupelekwa kwa anayefuata.

Na hapo ndipo roho ya Mama Riziki ilipokuwa imening'inia. Mrithi alikuwa Daudi, mdogo wake Kashindi, kijana mpole ambaye alikuwa ameshasema mbele ya wote kwamba shemeji na watoto watabaki katika nyumba yao. Anayefuata alikuwa binamu yao Simoni, ambaye macho yake yalikuwa yanapima vyumba tangu wiki ya kwanza ya kilio, na mpango wake ulijulikana: mjane na watoto wapande Rurambo, nyumba ibaki kwake. Simoni hakuwa na sababu ya kumkataa Daudi mbele za watu, kwa hiyo alinyamaza. Asubuhi ile, akisaidiana na mke wangu kuosha mchele, Mama Riziki alimwambia, "Mulango ukifunguka tu, minye nimepona."

Saa kumi hivi ukungu ukashuka kutoka milimani na wingu likapanda kutoka ziwani, vikakutana juu ya mabati yetu, na mchana ukageuka kuwa kitu kingine, si mchana wala si usiku. Matone yakaanza. Nikahamishia meza yangu ya vyombo ndani ya jiko la nyuma, bafle moja nikaiacha chini ya upenu uani, nyingine nje ya lango kwa ajili ya wageni waliosimama barabarani. Kwaya ikamaliza kuimba, binti mmoja akanirudishia mikro, nikaiweka mezani na kuifunika kitambaa nikiilinda na mvua. Shangazi yao, mama mkavu wa sauti na wa mwili, akachungulia jikoni na kuniita kwa jina langu la kazini.

"Papa Sono, zima byote sasa. Pa mulango hatutake miziki."

"Nimezima, tantine."

Na kweli nilizima muziki. Mikro sikuigusa, na chini ya kile kitambaa taa yake ilikuwa inawaka, na mwangwi nilikuwa nimeupandisha hadi mwisho kwa sababu kiongozi wa kwaya alitaka sauti zitoke kama za mbinguni.

Basi nikajiambia: wao wana desturi yao pale nje, mimi nina sehemu ya mwisho ya seri hapa mfukoni, dakika chache tu, nani atajua? Nikavuta mlango wa jiko, nikaweka ekuteri masikioni, nikawasha simu.

Malkia wangu alikuwa amebaki peke yake katika kituo. Taa zilikuwa zinakufa moja moja. Halafu mlango ukagongwa, na aliyegonga alikuwa mume wake, yule aliyezama mwanzoni kabisa, amesimama nje amevaa koti lake, maji yanamtiririka, anasema, ni mimi, nimerudi. Kapiteni akaweka mkono kwenye komeo.

Yaliyotokea uani wakati huo nilisimuliwa na mke wangu baadaye, nami nayasimulia kama alivyoniambia, ingawa kila akiyasimulia anaongeza chumvi. Shangazi alisimama ndani ya lango akauliza, "Ni nani iko inje?" Kutoka ng'ambo ya mabati Daudi akajibu kwa ile sauti ya kiukoo inayofanana na ya kaka yake, "Ni minye, Kashindi. Nimerudi kwangu." Mama Riziki akashika komeo. Ndipo kutoka uani na kutoka barabarani kwa pamoja, juu ya vichwa vya watu, ikaja sauti ya mwanamume, ya chini, inayonong'ona, inayojirudia na kufifia.

"Usifungue."

Watu walitazama juu.

"Mama, nakuomba, usifungue. Sura ni yake, koti ni yake, lakini uyu haiko yeye. Yeye alibakia chini ya mayi."

Mke wangu anasema watu hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Waliokuwa karibu na uzio walianza kurudi nyuma polepole, kisha wakakimbia, wengine walilala kifudifudi kwenye tope na nguo zao za Jumapili, mzee mmoja akaanza Baba Yetu na kuishia katikati. Mama Riziki peke yake hakusogea. Aliachia komeo, akainua uso kwenye mvua, akauliza kama mtu anayeuliza mgonjwa kitandani.

"Baba Riziki, uko na baridi?"

Na mimi, huko jikoni, nikimwangalia yule mume wa seri anavyotetemeka nje ya mlango wa chuma, nikasema kwa masikitiko yangu yote, "Sana. Iko na baridi sana, masikini, na hakuna mutu wa kumufunika."

Hapo ndipo kuku walioogopa watu walipousukuma mlango wa jiko wakaingia kwa kishindo na kunipita miguuni. Nikavua ekuteri. Uani kulikuwa kimya kabisa. Nikasema, "Ni nani huko?" na kutoka nje, kubwa kuliko nyumba, sauti ikaniuliza mimi, ni nani huko, huko, huko. Sitaficha: kwa muda wa pumzi chache niliamini ni Kashindi. Niliingia chini ya meza. Ni huko chini, nikiwa nimeshika mguu wa meza kama mtoto, nilipoiona taa ya mikro ikiniangalia kupitia kitambaa.

Nikaizima. Na nawaambia ukweli, wazo langu la kwanza halikuwa zuri. Nilifikiri, hakuna aliyeniona, nikunje nyaya zangu taratibu, mzimu ubaki mzimu, nirudi kwangu nikale. Lakini nikamsikia Simoni, wa kwanza kupata ulimi tena, akisema, "Marehemu amesema ye mwenyewe. Daudi, vua koti." Nikachungulia. Lango lilikuwa limefunguliwa kidogo na watu waliokimbia, na kupitia upenyo ule nilimwona Daudi akifungua vifungo kimoja kimoja, na Mama Riziki ameketi chini kwenye tope pembeni ya lango, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri gari la kumpeleka Rurambo.

Nikatoka. Nikasema, "Ile sauti ilikuwa yangu." Hakuna aliyeniamini. Simoni akasema ninataka kuficha neno la wafu. Hata mchungaji alisema sauti yangu haijafika kina kile (kweli, hata wimbo wa kuimba kanisani hanipi). Nikaeleza seri, nikaeleza kituo cha chuma na watu wanaorudi kutoka majini, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kusogea mbali nami. Mwishoni shangazi akanyoosha kidole jikoni.

"Ingia. Sema tena vile ulisema. Byote."

Basi fikirini. Mwanamume mwenye watoto, nimeketi jikoni mlango wazi, mtaa mzima umejaa mbele yangu, simu mkononi, ekuteri masikioni, natazama tena mlango ule unagongwa na kurudia kila neno kwenye mikro, usifungue, uyu haiko yeye, na bafle zinarudia kwa mwangwi, na kwa kuwa shangazi alisema byote, na mimi nimeapa kusema kweli, nikatoa hata lile nililolisema kabla hawajanisikia vizuri: "Malkia wangu, sikia bwana yako wa Uvira." Mke wangu alikuwa mstari wa mbele na mwiko wa ugali mkononi.

Kicheko kilianzia kwa watoto. Halafu mama mmoja aliyekuwa na tope hadi kwenye kilemba, halafu wote, kicheko kile cha watu walioogopa sana, kinachofanana kidogo na kulia. Shangazi hakucheka. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Uyu ni mupumbafu," akasema. "Haiko muzimu. Mutu mupumbafu hawezi kukatala muriti. Funga mulango, tuanze upya."

Daudi akafunga vifungo vyake, akarudi nje ya lango, akaulizwa, akajibu jina la kaka yake. Safari hii hakuna sauti iliyokataa, Simoni alikuwa anajifuta tope la magoti, na Mama Riziki akafungua.

Nilikuwa nakunja nyaya mvua ikiwa imekolea, nikijificha macho ya watu na hasa ya Mama Aline, alipokuja Mama Riziki na sahani ya wali na samaki. Akaiweka mezani. Hakuondoka.

"Papa Sono. Ile neno ya baridi. Nayo ilikuwa ya seri?"

Niliona aibu hadi masikioni. Nilijua sasa alikuwa anauliza nini kila asubuhi ufukweni, na jinsi nilivyomjibu, mimi, kwa kinywa changu. Nikatamani nipate uongo mzuri na sikuupata.

"Ilikuwa ya seri, mama. Yote. Unisamehe."

Akaangalia upande wa ziwa, ambalo kwa mvua ile halikuonekana. Halafu nikamwona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Basi haiko na baridi," akasema, akaenda kuwapakulia wageni.

Tangu siku ile nikienda kazini simu yangu inabaki kwenye mkoba wa mke wangu, na mikro naizima kwa mkono wangu kabla ya kukaa, kisha naizima tena. Na seri ile sijaimalizia. Mnaojua kama yule mwanamke alifungua, kaeni nalo, msiniambie.