Kompyuta ya Marehemu Haizimwi

Usinitazame hivyo. Mimi si mtu wa mizimu. Watu wakianza kusimulia majini ya ziwani mimi huondoka, maana nina kazi za kufanya. Ila hili lilinipata mwenyewe, saa saba mchana, jua linawaka, tumbo limeshiba ugali na sato. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize.

Nina duka la kutengeneza kompyuta Musoma mjini. Shule moja ya sekondari upande wa Butiama iliniita. Kompyuta yao, ya mfumo wa Linux, ilikuwa haipokei apdeti, yaani matoleo mapya ya programu, tangu afariki mwalimu aliyekuwa akiitunza, Mwalimu Magesa. Humo ndimo zilimokuwa alama zote za kidato cha nne tangu walipoanza shule, na makaratasi yalishaliwa na mchwa. Tovuti ya kupandishia alama za mtihani wa taifa ilikuwa inaikataa brauza yao ya zamani, ile programu ya kufungulia tovuti, na mwisho wa kuzipokea ulikuwa jioni ile ile.

Mwalimu wa taaluma, mama mmoja mpole aitwaye Nyangeta, alinipokea kwa sharti.

"Fundi, tengeneza, ila usiizime. Hiyo ya marehemu haizimwagi. Alituagizaga hivyo toka yuko kitandani."

Nilicheka moyoni. Si unajua kwetu moto wa msiba hauzimwi mpaka matanga yaishe? Basi nikaona hawa wasomi wameuhamishia msiba kwenye kompyuta. Wameiunga na betri za sola, inawaka miezi na miezi, kisa marehemu kasema. Watu wenye shahada! Nywila ya kuingilia wameibandika ukutani kando ya kalenda kila mpita njia aione, lakini kuzima ndio mwiko. Niliwadharau, sikufichi.

Nyangeta akatoka kusahihisha madaftari barazani, mbele ya mlango, na chumba kile kina mlango mmoja tu. Nikaanza kazi. Intaneti ipo, nafasi kwenye diski ipo, anwani za kupakulia hazina kasoro. Kumbe apdeti zilikuwa zimeshikiliwa kwa amri, kuanzia brauza hadi kernel, yaani kiini chenyewe cha mfumo. Mtu alikuwa ameiambia mashine isiviguse.

"Mjinga gani amefanya hivi?" nikasema kwa sauti.

"Ni mimi."

Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti nyuma yangu, anafuta miwani kwa ncha ya tai. Sikumsikia akiingia. Nikadhani ni mwalimu mwenzao, wale wa kujua kila kitu.

"Brauza weka," akasema. "Kernel uiache. Ukiiweka itakudai uwashe upya, na hiyo haizimwagi, kijana."

Nikamuuliza, mzee wangu, kompyuta umesomea wapi? Nikamweleza, kwa ile sauti ya kufundishia watoto wa chekechea, kwamba kernel ya zamani ni mlango wa wezi. Hakukasirika. Alinitazama toka kichwani hadi viatuni, kama unavyomtazama samaki aliyelala sokoni siku mbili.

"Haya, fundi," akasema. "Zima."

Niamini, wakati tunabishana nilishaiweka brauza mpya, ikakaa. Kazi niliyoitiwa ilikuwa imekwisha. Ningefungua tovuti, alama zingepanda, ningerudi zangu Musoma na heshima yangu. Lakini niache kazi nusu mbele ya mzee kama yule? Nikaweka kernel, nikaiwasha upya.

Skrini ikawa nyeusi, kisha kikatokea kisanduku kinachotaka nywila ya kufungulia diski. Ile ya ukutani ikakataliwa. Nikairudia, ikakataliwa. Marehemu alikuwa ameifunga diski nzima kwa nywila yake, ikiwaka inabaki wazi, ikizimwa haifunguki bila hiyo nywila, na fundi mwenye akili angelikagua hilo mapema. Mimi sikukagua. Nikageuka kumuuliza mzee, nikakuta kiti kitupu.

Nikatoka mbio. "Mwalimu, mwite yule mzee aliyetoka sasa hivi, anaijua paswedi!"

"Mzee yupi? Hapa hajapita mtu."

Nilipomtajia miwani na tai, akaweka kalamu chini.

"Huyo tulimzika Kiabakari," akasema. Akachungulia chumbani. "Fundi, umeizima?"

Jioni ikafika, tovuti ikafungwa. Watoto wale waliingia kwenye mtihani bila alama hata moja ya nyuma, na wapo waliofeli kwa pengo dogo ambalo alama zile zingeliziba. Nyangeta hakunitukana. Angenitukana ningepumzika.

Mpaka leo, Jumamosi nikipata nafasi, naenda kukaa mbele ya kisanduku kile. Nimejaribu majina ya wanawe, majina ya ng'ombe wake, namba za nyimbo alizozipenda kanisani. Nyuma yangu naweka kiti. Hakai mtu. Alishanipima mara moja akaniona sifai kuambiwa kitu, na kwa hilo simlaumu.

Kwa hiyo wewe fundi, wewe mwenye cheti chako ukutani, ukiambiwa kitu hakizimwi, uliza sababu kabla hujacheka. Na akitokea mzee usiyemjua akakukataza, usimuulize amesomea wapi. Muulize nywila.