Mama yangu wa Ihembe hakuwahi kuona bahari, ila digrii yangu ya bahari aliiokoa yeye

Wakuu, poleni na majukumu. Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Asiyeamini, nyuzi za mpira zipo nyingi, ahamie huko.

Mimi ni mzaliwa wa Ihembe, Karagwe. Kwetu ni migomba, kahawa na baridi ya asubuhi. Bahari tuliiona kwenye ramani ya darasani. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipopata ufadhili wa kusoma ng'ambo, nikachagua kusomea nini?

Bahari. Akili nyingi sana.

Na wala si samaki. Nilisomea makombe, yaani magamba magumu, ya vijidudu vinavyoelea baharini, vidogo kama chembe za mchanga. Vikifa, makombe yanazama na kurundikana kwenye tope kwa maelfu ya miaka. Ndani yake kuna oksijeni nzito na nyepesi. Kombe lililojengwa kwenye maji ya baridi hubeba nzito zaidi. Ukipima, unajua bahari ya kale ilikuwaje.

Jaribu kumweleza hayo mzee aliyekuja kuuliza kama utaweza kumtibia ng'ombe wake.

Tatizo, vipimo vyangu vilikuwa vinaruka kama panzi. Tope lilelile, leo linasema bahari ilikuwa ya joto, kesho ya baridi. Msimamizi wangu akaniandikia barua ya upole mno: visipotulia muhula ujao, ufadhili basi.

Katikati ya raha hizo dada yangu akawa anaolewa. Nikaja nyumbani na hadubini ndogo na vichupa vya makombe, maana ilibidi niendelee kuyachambua, moja moja, kwa ncha ya brashi. Nikaweka meza dirishani.

Baba mdogo akachungulia.

"Huko hawana mashamba ya kulima?"

"Wanayo, baba mdogo."

"Ahaa." Akaenda zake kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Siku ya tatu mama akaacha kahawa aliyokuwa anachambua uani, akafuta mikono, akaomba kuona. Nikampisha kwa ule ukarimu wa wasomi. Akatazama muda mrefu.

"Hizi umeziweka pamoja kwa nini?"

"Ni aina moja, mama."

"Moja?" Hakuinua hata kichwa. "Hizi zina mdomo mpana. Hizi mdomo umebanwa. Hawa si wa tumbo moja, mwanangu."

Nikampa mhadhara kuhusu jinsi maumbo yanavyobadilika kijidudu kikikua. Alisikiliza kwa adabu zote.

"Sawa, mwalimu. Nipe hiyo brashi."

Alitenga mafungu mawili mpaka jua likaondoka dirishani. Nikakaa nikague, nimkamate na kosa hata moja.

Sikupata.

Nilikuwa nimechanganya aina mbili: moja huishi juu kwenye maji ya joto, nyingine chini kwenye baridi. Mwaka mzima nilikuwa napima ujinga wangu kwa mashine ya kisasa.

Niliporudi chuoni nikayapima mafungu ya mama, kila moja peke yake. Ikatoka mistari miwili, imetulia tuli. Msimamizi akanishika bega: "Una jicho zuri sana."

Nikajibu, "Asante."

Hivyo tu, wakuu. Asante.

Kwenye ukurasa wa shukrani za tasnifu nilimshukuru msimamizi, wafadhili, fundi wa mashine, hata mwenye nyumba niliyepanga kwake. Mama sikumwandika. Niliona watanicheka.

Nikarudi Ihembe na kitabu chenye jalada gumu. Mama hakujua kusoma. Akakishika kwa mikono miwili, akasema, "Nionyeshe jina langu lilipo."

Hakuuliza kama lipo. Aliuliza lilipo.

Nikamwekea kidole kwenye jina la mwenye nyumba wangu.

Akalipapasa. Akatabasamu. Akakifunga kitabu kwenye kitenge chake kipya na kukiweka sandukuni, na kila mgeni aliyekuja alionyeshwa ukurasa ule.

Ameshatangulia. Sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia kuwa jina lile si lake; labda waliojua kusoma walimwonea huruma. Sijui, na sasa sina wa kumuuliza.

Funzo nililopata: mtu akikufundisha, mwandike jina, hata kama yuko uani anachambua kahawa.

Karibuni mnitukane, nimejiandaa. Ila ukimaliza kunitukana, tuambie na wewe ni nani hukumwandika.