Gusa Gusa Si Kucheza

Watu wa mtaa wetu wa Biryogo walimwita Nyiramana mkali, na mkali alikuwa. Lakini hakuzaliwa hivyo. Sisi majirani ndio tuliomtia ukali, kidogo kidogo, kama mtu anayemwaga pilipili kwenye mchuzi wa mwenzake kisha analalamika kwamba unawasha.

Alikuwa akikaanga sambusa kwenye kichochoro cha nyuma ya msikiti, mlango wa pili kutoka kwenye cherehani yangu. Mwanawe alikuwa mmoja tu, Umutoni, na surua ilimpofusha macho yote mawili kabla hajaachishwa ziwa. Basi ushauri ukaanza kumiminika. Mfungie ndani, atagongwa na gari. Mpe bakuli, akae mlango wa msikiti siku ya Ijumaa, atapata chochote. Jirani aliyetoa hilo la bakuli alikuwa na sambusa ya Nyiramana mdomoni! Nyiramana akamwambia, "Meza kwanza, halafu toka." Mpaka leo nikilikumbuka bakuli lile damu inanichemka.

Umutoni hakutaka bakuli, alitaka dama. Kila jioni watoto walijazana kwenye baraza ya Salvator, seremala Mrundi, wakicheza kwa vizibo vya soda: wa upande huu vizibo chali, wa upande ule vizibo kifudifudi. Hebu fikiri! Mchezo wenyewe ulikuwa umeshatengenezewa vidole, na sisi wenye macho hatukuliona hilo. Mama yake ndiye aliyeliona. Kilichobaki ni kwamba vizibo viliteleza mtu akivipapasa. Akamwendea Salvator, naye akachukua patasi, akakichimba kidogo kila chumba cheusi, kizibo kikakaa humo kimetulia. Watoto wote wakaupenda ubao ule, maana hata mtu akiupiga goti mchezo hauvurugiki.

Umutoni akajifunza na mama yake, pembeni ya karai la mafuta, mpaka akaujua. Jumapili moja akaenda barazani kucheza na Sangwa, mtoto wa fundi viatu. Na hapo alikuwepo Melchior.

Melchior alikuwa karani wa ghala huko kiwandani Sonatubes. Jumapili alijifanya mwamuzi wa dama, na hakuna aliyemchagua. Sasa, dama ina sheria ambayo kila mtoto anaijua: aliyegusa amecheza. Umutoni akanyoosha mkono ili ausome ubao, kidole kikagusa kizibo cha kwanza.

"Umegusa!" Melchior akasema. "Cheza hiyo."

"Mi iko natafuta tu..."

"Sheria ni sheria, mtoto. Umegusa, cheza."

Akacheza. Sangwa akala. Akagusa tena, akalazimishwa tena, akaliwa tena. Na watu wazima, wenye watoto wao, wakacheka. Mwaka ule wa tisini na mbili vita vilikuwa kaskazini, na mjini kila mtu alikuwa na sheria yake ya kumtoa mwenzake. Hata ubao wa vizibo haukusalimika. Umutoni akairudisha mikono yake mapajani. "Mama, mi nataka kurudi ndani," akaita. Nilijua kwamba akirudi ndani siku ile, hatatoka tena.

Nyiramana akaja, upawa mkononi ukichuruzika mafuta. Hakumtazama Melchior hata kidogo. Alichuchumaa mbele ya Sangwa, akamkazia macho.

"Umeangalia hii! Cheza!"

Sangwa akashtuka. "Mama Umutoni, mi sijacheza, iko naangalia tu."

"Umeangalia, cheza! Na ile pale, umeiangalia sasa hivi. Cheza na ile!"

"Reka, acha, mama! Mtu atacheza namna gani kama haangalii?"

Sangwa mwenyewe akayasikia maneno yake. "Yewe," akamwambia Umutoni polepole, "kumbe weye unaangalia na vidole."

Melchior akaanza kusema kwamba ubao wa dama si mahali pa kuoneana huruma.

"Huruma?" Nyiramana akamgeukia, na upawa ukageuka naye. "Nani ameomba huruma hapa? Huyu aangalie mbele ya kucheza, kama weye unavyoangalia. Basi!"

Sangwa ndiye aliyekata shauri. "Gusa gusa si kucheza," akasema, "mpaka mtu aseme nacheza." Watoto wakalidaka neno hilo, wakaliimba wakipiga makofi: gusa gusa si kucheza! Melchior akasema hiyo sasa si dama tena.

"Basi baba, enda ucheze yako," Sangwa akamjibu, na mikono yake ilikuwa imeshaanza kupanga vizibo.

Wakacheza. Umutoni akapapasa ubao wote bila haraka, akasema, "Nacheza," akala kizibo, kisha kingine. Lakini Sangwa alikuwa mzoefu. Akapata kingi, kile kizibo kinachokwenda mbele na nyuma, akaanza kufagia. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Si amwachie kidogo, maskini."

"Asimwachie!" Nyiramana akafoka.

Sangwa hakumwachia. Alikula mpaka kizibo cha mwisho. Umutoni akapitisha kiganja juu ya ubao, akakuta upande wake hauna kitu, na uso ukamvimba kwa hasira. Nyuma kule sambusa zilikuwa zinaungua, tukisikia harufu, na mama yake hakusogea.

"Panga," Umutoni akamwambia Sangwa. "Panga tena, mwizi weye."