Shimo la Choo Katika Shamba la Vita

Mtaimbo ukigonga kitu kigumu ardhini, mimi huachia chochote nilichoshika. Juzi hapa Muyinga, Mzee Karim, mwenye duka ninakonunua nyuzi za cherehani yangu, alikuwa anachimbisha msingi wa ghala nyuma ya duka lake. Vijana wakapiga: nga! Basi mimi, mama mzima mwenye watoto, nikaangusha nyuzi zote sakafuni na kushika meza kwa mikono miwili. "Vipi dada, presha?" akauliza Mzee Karim. Nikamwambia ni jua. Ninyi sitawadanganya: ilikuwa hofu, na ilianzia Bugendana, upande wa Gitega, kwenye shimo la choo. Chekeni tu, nitawasubiri.

Nilikuwa na miaka tisa tuliporudi Burundi. Narudia neno la wazazi tu, "tuliporudi", maana mimi nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, upande wa Kigoma, na sikuwahi kuiona hiyo Burundi ila katika maombi ya Baba. Tulishushwa barabarani na mabunda yetu, tukapanda kilima kwa miguu hadi kwenye shamba la ukoo. Kilima kizima kilikuwa kimejaa watu. Nyumba, migomba, mihogo, maharage hadi ukingo wa njia. Shamba letu peke yake halikuwa na nyumba. Jirani alikuwa amelipanda maharage, na alipotuona alisema angevuna tu kisha atuachie. Hakubisha hata kidogo. Baba alipiga magoti palepale kwenye majani, machozi yanamtoka, akasema Mungu ametutunzia mahali petu.

Kesho yake akaanza kuchimba choo.

Msimlaumu. Kambini ukishapewa turubai lako, jambo la kwanza ni choo. Bwana afya alipita na fimbo yake mlango kwa mlango, na asiyekuwa na choo alitangazwa mbele za watu mpaka atamani kuzama. Baba alikuwa fundi wa vyoo, watu walimwita kutoka mitaa mingine ya kambi. Kwake yeye, mtu mwenye heshima anafika, anachimba choo, halafu ndiyo anauliza mengine. Mimi nilikaa kwenye rundo la udongo uliotoka shimoni, mwekundu na baridi, nikinusa harufu yake na kuona raha kwamba sasa tuna kwetu.

Ndipo mtaimbo ukalia. Baba akainama, akakwangua kwa mkono, akatoa kipande cha chuma kirefu kilicholiwa na kutu. Alikigeuzageuza. Kilikuwa kichwa cha mkuki. Akainama tena, na safari hii alipoinuka alikuwa ameshika mfupa. Mama alikuwa ameleta maji. Sijasahau sauti yake, akimwita kwa jina langu.

"Baba Yusta, rudisha. Rudisha palepale ulipoutoa."

Wakati huo jirani yetu Siprien, yule wa maharage, alikuwa ameshafika ukingoni mwa shimo. Huyu alifanya kazi Bujumbura miaka mingi, kwa hiyo aliongea nasi Kiswahili, maana Kirundi chetu cha kambini kiliwachekesha watu pale. Siku hiyo hakucheka.

"We Baba Yusta! Mi nilifikiri iko unapanda mugomba. Toka humo! Humu iko watu, watu mingi. Balipigana hapa zamani sana, na mikuki, balikufa hapahapa."

Akatueleza, na mimi nikiwa nimeng'ang'ania sketi ya Mama. Wafu wa pande zote mbili walizikwa walipoanguka, wamechanganyika, na watoto wa pande zote mbili ndio majirani wa kilima hiki hadi leo. Kwa hiyo babu wa babu yake Baba aliahidi mbele ya kilima chote kwamba hawatasumbuliwa. Siprien akachukua jembe, akaonyesha kwa kidole pale bapa linapoishia.

"Jembe inaingia mupaka hapa. Kulima, lima tu. Shimo, hapana. Nyumba, hapana. Hata ukiuzisha, mwenye kununua anafata ileile. Baba yako hakukwambia?"

Babu yangu alikufa njiani wakikimbilia Tanzania, Baba akiwa mtoto wa mgongoni. Nani angemwambia?

Kuanzia hapo, jamani, niliishi na woga kama nguo ya mwilini. Wanawake waliokuwa wakipita kwetu na vibuyu vya maji wakaanza kuzunguka mbali. Salamu zikakatika. Shimo likabaki wazi, kwa kuwa Siprien alisema lisiguswe mpaka wazee wa kilima, bashingantahe, waje kulitazama. Nilikuwa na hakika waliomo ndani wanapumua. Haja ilipobana nilikimbilia migomba ya Siprien, na hata huko nilichuchumaa huku nimefumba macho. Kisimani watoto wakaniambia, "Mtafukuzwa, mtarudi kwenu Tanzania." Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Tanzania tulikuwa tumeambiwa kila siku kwamba kwetu ni Burundi. Sasa tukifukuzwa kwetu, tunakwenda wapi?

Wazee walikuja asubuhi, na kilima kizima nyuma yao. Baba aliulizwa kama ameelewa alichofanya, akasema ameelewa. Akarudisha mfupa na mkuki kwa mikono yake, akafukia shimo, akalikanyaga taratibu mno, kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala. Kisha akasema kwa sauti kwamba hatachimba wala hatajenga. Nikavuta pumzi. Kumbe bado.

Kikaletwa chungu cha pombe ya mtama na mirija. Ahadi pale haijakamilika mpaka inywewe na wote kutoka chungu kimoja. Na Baba, mlokole wa kulala na Biblia kifuani, akarudi nyuma.

"Wazee wangu, nisameheni. Mimi nimeokoka. Pombe sinywi."

Loo! Manung'uniko yakaanza. Mzee mmoja akainua fimbo yake kana kwamba anataka kuondoka. Nilimtazama Baba nikimchukia, nasema wazi, nilimchukia, kwamba tungepoteza shamba kwa sababu ya mrija!

Mama akamsogeza kando. "Ninayelima ni mimi," akasema. "Nitakunywa mimi. Mungu tutaongea naye Jumapili." Akavuta mrija, akakohoa mpaka kilemba kikamwanguka, na kilima kizima kikapiga makofi. Mzee wa fimbo akanielekezea kidole. "Na huyu. Atalima pia." Nikashika mrija kwa mikono miwili. Nilivuta: uvuguvugu, uchachu, makapi ulimini. Nilijua kabisa kwamba waliolala chini wameniona na wamelishika jina langu.

Nyumba tulijenga upande wa juu wa njia, kwenye kipande alichotupa Siprien. Baba na Mama wameshatangulia. Mwaka jana aliibuka mtu wa matofali anayetaka kununua lile shamba kwa ajili ya udongo wake. Ndipo kilima kikaomba ofisi ya ardhi ya Gitega iandike ile ahadi kwenye karatasi: palimwe, pasichimbwe, pasijengwe, hata pakibadili mwenyewe. Nikaitwa kutoka Muyinga kuweka sahihi kama mwenye shamba. Kijana wa ofisi akaniuliza kwa upole, "Mama, masharti umeyaelewa?" Nikamwambia niliyanywa nikiwa na miaka tisa.

Siprien, sasa mzee wa mkongojo, alicheka. Kisha akanionyesha vilima vya pembeni, nyumba kwa nyumba. Yule alirudi akakuta watu wamejenga kwake, kesi haijaisha. Na yule. Na yule pia. "Shamba yenu nani angejenga?" akasema. "Iko watu humu."

Nilisimama pale nikiutazama udongo. Miaka yote niliwaogopa waliolala chini kwamba watatufukuza, kumbe ndio waliotushikia nafasi mpaka tukarudi.