Sikio la Mzee Ramazani

Nimemwona mtu akiuawa na sikio. Hakufa kwa malaria wala kwa mgodi kuporomoka. Alikufa kwa ugonjwa ulioanzia kwenye tundu lile la nje ambalo kila mtu hulichokoa kwa kijiti. Ninyi mnaosomea uuguzi sasa mnaukuta vitabuni. Sisi tuliukuta kwa mtu, na tukamwacha.

Siku yangu ya kwanza kazini, Lubumbashi, enzi ya chama kimoja, mkuu wa wauguzi alinikabidhi bomba la kuoshea masikio pamoja na sheria moja.

“Citoyen, hapa docteur anasema, weye unaandika. Kile hasemi, haiko.” Citoyen, yaani raia, ndivyo tulivyoitwa sote enzi hizo.

Zahanati ilikuwa ya kambi ya wafanyakazi wa shaba, sitaitaja jina. Watu wa tanuru walikuja na masikio yaliyojaa vumbi na jasho, tukayaosha kwa maji ya vuguvugu, wakarudi zamu. Kwa wengi ilitosha.

Mzee Ramazani, mwendesha winchi, Mwislamu wa asili ya Maniema, alirudi mara nne. Usaha ulikuwa kidogo tu, lakini maumivu yalimliza mtu mzima. Nilipochungulia niliona kinyama chekundu kimeota ndani ya tundu.

“Tena minakunywa maji sawa ng’ombe, Infirmier,” aliniambia mimi muuguzi wake, akijaribu kucheka.

Nikachukua mkojo wake bila kuagizwa. Tulipima sukari kwa kuuchemsha pamoja na dawa ya buluu: ikibaki buluu, hamna sukari, ikigeuka rangi ya tofali, imejaa. Wake uligeuka tofali. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari, sikio la namna ile si la kuosha. Majimaji yanawastawisha vijidudu, na uozo unapenya hadi mfupa wa chini ya fuvu, mahali mishipa ya fahamu inapotokea.

Nilimpelekea daktari mkuu kichupa chenye mkojo huo. Akakitazama, akakimwaga kwenye sinki.

“Nani amekutuma?”

“Hakuna, Docteur. Lakini tazama sikio…”

“Osha sikio. Apte au travail.”

Yaani anafaa kazi. Nikaosha, nikaandika.

Wiki mbili baadaye uso wake ulianguka upande wa kulia. Mshipa unaoendesha uso ulikuwa umeshikwa: jicho halikufumba, mate yalimtiririka, maneno yakalegea. Msimamizi wa zamu alimleta akimsukuma.

“Docteur, huyu iko mulevi! Anaongea sawa muntu ya lutuku!” Lutuku ni pombe kali ya kwetu.

“Mi sinywake, Docteur,” alisema Mzee Ramazani, ameshika shavu kwa mkono ili maneno yatoke. “Uliza bantu ya musikiti. Uliza bibi yangu, mama ya batoto.”

“Basi siku hizi musikiti unauza pombe,” alijibu daktari. Msimamizi akacheka. Nikaagizwa kuandika “ulevi”, nami nikaandika. Mzee Ramazani akafukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Nilimfuata nyumbani kwake, mtaa wa Katuba. Mishipa ya koo nayo ilikuwa imeshikwa. Sauti ilikauka, maji aliyokunywa yalitokea puani. Nilidhani ataniomba dawa. Alininong’oneza, “Infirmier, futa ile neno. Batoto bangu bataisoma.” Mwezi haukuisha, tukamzika.

Baadaye nilihamishiwa Kilwa, si ile ya pwani bali ya kwetu ziwani, kwa wavuvi. Daktari kijana wa huko alipima sukari kabla ya kugusa sikio lolote, na alipoliona la namna ile alichoma sindano kwa wiki nyingi bila kuchoka. Mgonjwa wake alipona. Nilimtazama akitoka mlangoni kwa miguu yake, nikatamani kuvunja kitu. Iliwezekana! Haikuhitaji muujiza, ilihitaji daktari anayetazama na mwandishi asiye mwoga kama nilivyokuwa mimi.

Sasa nimestaafu. Mwaka jana nilikwenda na binti ya Mzee Ramazani, Mama Zaina, kwenye ofisi ya majalada. Neno lipo, kwa mwandiko wangu. Nikasema mbele ya karani kwamba ni uongo na kwamba mimi ndiye niliyeliandika.

“Papa,” alisema karani, “anayefuta ni docteur mwenye alisaini.”

Daktari huyo aliondoka nchini zamani. Hakuna ajuaye aliko, wala kama yu hai. Mama Zaina amepeleka ofisini barua ya tatu ya kuomba neno lifutwe. Hajajibiwa.