Siku Sekela Alipokatwa Neno

Nakumbuka siku moja ya kuchoma vyungu, mwanangu, na laiti ningeisahau. Lakini nimesikia wamekupa uenyekiti wa chama cha mpunga huko Busale, basi afadhali nikusimulie kabla hujakizoea kiti.

Enzi za Mjerumani, sisi wa ufukweni mwa ziwa tulikula kwa vyungu. Milima imetubana hadi majini, shamba la maana hatuna. Mama zetu walifinyanga, tukavipeleka kwa mitumbwi upande wa Itungi, na watu wa bondeni wakatujazia kila chungu mahindi, kisha wao wakabaki nacho. Mwaka huo hatukuwa na akiba hata ya kudanganyia watoto. Vyungu vile ndivyo vilivyokuwa chakula chetu mpaka mavuno.

Tulivichoma vya wote pamoja, uwanjani, juu ya matete makavu. Kabla ya moto kila mwanamke aliulizwa, “Tuwashe?” Aliyeanza kujibu ni bibi arusi mdogo kuliko wote, maana mkubwa akishasema, mdogo gani atambishia? Mmoja akikataa, tulingoja.

Sasa boma lilikuwa limemfanya mume wa mama mkubwa kuwa jumbe. Mama mkubwa, dada yake mama, nilimpenda mno. Ndiye aliyenifundisha kufinyanga, na kwa utani hakuwa na mwenzake. Lakini ujumbe alipewa mume, ukubwa akauvaa mke. Akaanza kutembea na fimbo kama askari wa boma. Sisi wasichana tulimcheka pembeni, tukidhani ni mchezo.

Siku hiyo ya kuchoma alisimamia moto yeye, na hakuuliza mtu. Mkwe wake Sekela, mwenye mtoto mchanga mgongoni, akasema taratibu, “Mama, kuna wingu kule milima ya Ukinga.”

“Nani kakuuliza? Umekuja jana, leo unanifundisha mvua? Washeni!”

Wingu tulikuwa tumeliona wote, hata mama yangu aliyekuwa akibishana naye tangu utotoni. Tukainama, tukawasha. Husemwa palipo na wengi hapaharibiki neno. Mwanangu, siku ile tulikuwa wengi, na liliharibika.

Mvua ilikuja moto ukiwa mkali. Tulisimama tukisikia vyungu vikipasuka, kimoja baada ya kingine. Mfinyanzi hulia gaeni, lakini sisi hata cha kutia humo gaeni hatukuwa nacho. Njaa ikaingia. Maziwa ya Sekela yakakauka, na kabla mahindi hayajachanua tukamzika mwanawe, mjukuu wa mama mkubwa mwenyewe. Nilimhurumia mama mkubwa na kumchukia, yote kwa pamoja.

Watu wakaanza kumsengenya pale msibani. Bibi yangu, aliyewazaa mama na mama mkubwa, akasimama. “Binti yangu aliziba mdomo mmoja,” alisema. “Hii mingine ilizibwa na nani?”

Mwaka uliofuata mama mkubwa alikuja uwanjani bila fimbo. Akamgeukia Sekela kwanza, kwa upole wa zamani. “Mwanangu, tuwashe?”

“Kama utakavyo, mama.”

Akauliza wa pili, akauliza mama yangu. Kama utakavyo. Akatusihi, machozi yakimtoka, nasi tukatazama chini. Mpaka anakufa, hakupata tena wa kumwambia kuna wingu.

Basi shika hili. Kila siku tunawaambia watoto asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hatusemi asiyesikia la mdogo huvunjika nini. Kwenye kikao chako anza na mgeni, anza na mjane mwenye jaruba moja, wewe uwe wa mwisho. Akikupinga, mshukuru mbele ya watu, hata kama amekosea. Na kikao chote kikikuitikia haraka, usifurahi, rudi nyumbani ujiulize umemfanya nani nini. Ukimkata mtu neno leo, huenda kesho ukamwomba asiwe nalo tena.

Nenda salama. Kyala akusaje, Mungu akubariki, na akujalie watu wasiokuogopa.