Nilipima kriki kwa kitenge

Bwana yangu alitia springi ndefu, akainua pikap yetu juu sana sababu ya matope ya Lubero. Mimi mwerevu nikapima kwa kitenge, toka chini mpaka kwenye bodi, nikaenda Butembo kutafuta kriki, jeki ya kunyanyulia gari, ya urefu uleule. Muuzaji akanipa kafupi. Nikamwambia asinidharau, niko na diplome, nikachukua ndefu.

Juzi, nikipeleka viazi vya Kipese kwenye soko la Beni, tairi ikatoboka. Nikapiga kriki: bodi ikapanda, tairi hapana. Nikarudi dukani na pikipiki, mtoto mgongoni, viazi vimeachwa juani, nikamtukana yule baba muuzaji mbele ya wateja wote.

“Mama, ulitia kriki chini ya nini?”

“Chini ya bodi.”

“Lakini kriki inakaaka chini ya ekseli, pembeni ya tairi. Ekseli inabakiaka chini, hata munyanyue gari mpaka mbinguni. Kitenge, ubebee tu mutoto.”